Ijumaa za Majibu

Julai 2014 nilipanda ngazi za jengo moja la ghorofa karibu na Makumbusho, Dar es Salaam, barua ya chuo mkononi. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, na barua ile iliomba nipokewe fildi ya wiki nane. Aliyenipokea alikuwa wakala binafsi wa ajira: vyumba vinne, wafanyakazi sita, na benchi refu la mbao kwenye korido. Wiki nane zikawa mwaka. Septemba ilipofika fedha za masomo hazikutosha, baba hakuwa na cha kuongezea, nikaandika barua ya kuahirisha masomo. Ofisi ikakubali nibaki kwa posho ya nauli na chakula cha mchana. Mwaka ambao wenzangu waliumaliza darasani, mimi niliumaliza nikitazamana na benchi lile.

Ulikuwa mwaka mgumu kwa wanaotafuta kazi na kwa wanaowatafutia. Mwezi mmoja kabla sijafika, usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji ulifanyika Uwanja wa Taifa kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha walioitwa: walikuwa zaidi ya 10,000. Mwaka huohuo serikali iliwakataza mawakala kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kwenye kampuni za wengine. Kabla ya hapo mfagizi au mhudumu wa kaunta angeweza kufanya kazi miaka mitano katika kampuni moja huku mkataba na mshahara wake vikishikwa na wakala. Sasa mikataba ilitakiwa ihamie kwa mwajiri mwenyewe, na wakala abaki na kazi ya kuunganisha. Ofisi yetu ilikuwa imezama kwenye mafaili ya kuhamisha watu, ndiyo maana mwanafunzi asiyejua kitu alipokewa kwa mikono miwili.

Siku ya pili nilikabidhiwa maboksi matatu ya bahasha za kaki.

Aliyewahi kutafuta kazi mjini anaijua bahasha hiyo. Ndani mna barua ya maombi, wasifu wa kurasa mbili au tatu, nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa wakili, na picha mbili za pasipoti zilizobanwa kwa pini. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa moja tu, ya mapokezi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Bahasha zilipita 400. Nilipokuwa nazihesabu nilijikuta nahesabu hela: nakala, mhuri, picha, nauli ya daladala ya kuja na ya kurudi. Kila mmoja alikuwa ameshaligharimia ombi lake kabla sijalifungua.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo aliyeianza kazi hiyo miaka ya tisini. Aliniita mwanangu, nami nilimwita mama, kama ofisi nzima ilivyomwita. Aliketi nami sakafuni, kwa kuwa meza haikutosha, akanifundisha kuchambua.

“Mwanangu, usitafute wa kuingia. Tafuta wa kutoka. Ukitafuta wa kuingia, Krismasi itakukuta hapahapa.”

Tangazo lilitaka stashahada, Kiswahili na Kiingereza fasaha, uzoefu wa miaka miwili na ujuzi wa kompyuta. Aliyekosa kimoja alikwenda fungu la kushoto. Waliobaki tuliwasoma upya, safari hii tukitazama miaka isiyoungana, majina yanayotofautiana kati ya cheti na cheti, wadhamini wasio na namba za simu. Tukabaki na thelathini, kisha kumi wa kuitwa kwenye usaili, kisha watatu wa kumpelekea mwajiri. Mwajiri akamchukua mmoja.

Jioni ile nikauliza tuwafanyeje wale wengine. Mama akanionyesha mstari wa mwisho wa tangazo letu, ule unaofunga matangazo mengi ya kazi nchini: watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Maboksi yakapelekwa stoo.

Wakati ule niliona ni sawa. Tulikuwa watu sita wenye simu mbili za mezani na nafasi zaidi ya kumi zinazoshughulikiwa kwa mpigo. Aliyetulipa ni mwajiri, na mwajiri alilipia yule mmoja aliyempata.

Kuna baba mmoja alikuwa akija kila Jumatatu asubuhi. Alikuwa fundi umeme, umri umeshapita miaka arobaini na mitano, shati limepigwa pasi mpaka kola inang’aa. Alikuwa miongoni mwa kumi tuliowasaili Septemba kwa nafasi ya ufundi katika kiwanda kimoja, na alijieleza vizuri. Alipanga chumba Manzese, na kwa kuwa Barabara ya Morogoro wakati ule ilikuwa imechimbwa kwa ujenzi wa njia za mabasi ya mwendo wa haraka, siku nyingine alikuja kwa miguu. Mazungumzo yetu hayakubadilika.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Kuna jibu?”

“Bado baba. Tutakupigia.”

Neno hilo, tutakupigia, nililiokota palepale ofisini. Kila mtu alilitumia. Linamwinua mtu kwenye benchi bila kumuudhi, na anayelisema anabaki akionekana mwema. Oktoba ikaisha hivyo, Novemba ikaisha hivyo. Kiwanda kilikuwa kimeshamchukua fundi mwingine tangu wiki ya kwanza ya Oktoba, na barua ya kumjulisha huyo mwingine niliichapa mimi. Kwa hiyo kila Jumatatu nilipomwamkia baba yule, jibu lake nilikuwa nalo.

Jumatatu moja ya Desemba alikuja, akaketi, hakuuliza. Aliniambia kwamba ana ekari mbili Korogwe. Mvua za vuli zilipoanza, mkewe alimpigia simu mara tatu akimsihi arudi walime. Kila mara alimjibu: subiri kidogo mama, kuna simu naitegemea wiki hii. Sasa wakati wa kupanda ulikuwa umepita.

“Si neno,” akasema. “Nataka tu kujua kama nilifanya vizuri kungoja.”

Nikamwambia ukweli: kwamba nafasi ilijazwa Oktoba na kwamba nilijua. Nilitegemea hasira. Alinyamaza kidogo, akaikunja bahasha yake mara mbili, akasema:

“Ungeniambia Oktoba, mwanangu, ningelima.”

Akaaga vizuri, akashuka ngazi.

Alichokisema ni hesabu ya mkulima, na mpaka leo sijaweza kuipunguza. Miezi miwili ya ukimya wangu ilikuwa na uzito unaopimika kwa magunia. Nilikuwa nimedhani anayengoja amekaa tu, hapotezi kitu. Kumbe kungoja kuna gharama kubwa kuliko mhuri wa wakili: mtu analipa kwa msimu, kwa kibarua alichokikataa, kwa safari aliyoiahirisha, kwa ahadi anayompa mke wake akiitegemeza juu ya ahadi tuliyompa sisi. Na ahadi yetu haikuwa na kitu chini yake.

Wiki ileile nilimwomba mama anipe Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri, niwe nawapigia walioshindwa. Alinitazama sana. Alisema wengine wawili walijaribu kabla yangu wakachoka. Kisha akatoa kwenye kabati daftari kubwa la kaunta, jipya, akanipa, kwa sharti kwamba kazi nyingine zisilale. Nililichora safu nne: jina, nafasi, jibu, tarehe ya kuambiwa. Safu tatu za kwanza ofisi ilikuwa nazo siku zote. Ya nne ilikuwa mpya.

Waliofika kwenye usaili nilikata shauri kuwapigia simu. Walioleta bahasha tu niliwatumia ujumbe mfupi. Na hapo nikagundua kwamba kusema hapana ni ufundi ambao sikuwa nao. Ijumaa ya kwanza nilimpigia kijana mmoja, nikamsifia vyeti vyake, nikamsifia alivyojieleza, nikamweleza ushindani ulivyokuwa mkubwa. Nilipotua, akauliza kwa furaha: “Kwa hiyo dada, nianze lini?”

Tangu siku ile nilitanguliza jibu. Salamu, jina langu, ninakotoka, kisha: hukupata nafasi hii. Baada ya hapo nilitoa sababu moja ya kweli. Kama lipo analoweza kulirekebisha, nilimtajia. Kama halipo, kwa mfano aliyempita alikuwa na uzoefu wa miaka sita kwa miaka yake miwili, nilimwambia hivyohivyo. Sikusema tena tutakupigia, ila kama nilikuwa nimeshaandika tarehe ya kupiga. Nilijiandaa kwa matusi, na nilitukanwa mara chache sana. Nilichosikia mara nyingi ni kimya kifupi, kisha “asante kwa kunijulisha, dada,” kisha sauti ya mtu ambaye tayari anawaza lingine la kufanya.

Simu zile zilifichua mambo ambayo mafaili yaliyaficha. Dada mmoja mwenye stashahada ya ukatibu muhtasi alikuwa ameandikwa “hapatikani” mara mbili: mara mbili tulimtaka kwenye usaili, mara mbili simu yake haikuita. Ijumaa moja nilipotaka kumpa jibu nikaiangalia namba vizuri. Ilikuwa na tarakimu tisa. Nilishuka kwa mlinzi, nikapekua daftari la wageni, nikamkuta siku aliyoleta bahasha ameandika namba yake kwa mkono wake, tarakimu zote kumi. Nilipompigia alikuwa ameshaupeleka wasifu ule, uliochapwa na duka la steshenari, katika ofisi zaidi ya arobaini kwa miezi saba. Hakuna aliyempigia. Alikuwa ameanza kuamini, na aliniambia hivyo akilia, kwamba kuna kitu kibaya ndani yake ambacho watu wote wanakiona isipokuwa yeye.

Ilikosekana tarakimu moja tu. Lakini asiyejibiwa hana pa kuipata sababu ya kweli, kwa hiyo anaitunga mwenyewe, na mara nyingi anaitunga dhidi yake. Nimelikuta jambo hili kwa watu wengi kiasi kwamba siku hizi nikikutana na mhitimu aliyejikunyata, swali langu la kwanza ni: mara ya mwisho nani alikujibu?

Februari 2015 walikuja mama mmoja na mwanawe wa kiume kutoka Singida. Walisafiri usiku, wakaja moja kwa moja ofisini na begi lao. Kijana alikuwa na ujumbe kwenye simu: amepata kazi ya ghala kupitia kwetu, atume hela ya usajili, kisha hela ya sare, kisha aripoti. Alikuwa ameshatuma zote mbili. Namba ile hatukuijua. Walikuwa wamepita mikononi mwa vishoka wanaotumia majina ya mawakala halali.

Sheria katika hili iko wazi, na nilimweleza mama yule kwa sauti ya chini huku tukimpa chai. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi asajiliwe. Msingi wa kutomtoza mtafuta kazi ada umo pia katika Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7. Anayelipa ni mwajiri. Yeyote anayekuomba hela ili akupe kazi, hata akikuonyesha mhuri na kibandiko, mkimbie.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali lililonishinda: “Kwani ninyi mwanangu alipoleta karatasi zake mwaka jana, mlimjibu?”

Nilikwenda stoo. Bahasha ya kijana ilikuwemo, fungu la kushoto. Hatukumjibu. Kishoka alimjibu, tena haraka, tena kwa adabu, akamwita kaka, akampongeza, akampa tarehe. Tunawaonya vijana wawe macho na matapeli, na ni vyema tuwaonye. Lakini tapeli anastawi mahali ambapo wakweli wamenyamaza. Kijana ambaye hajawahi kuona jibu halali linafananaje, atalitambuaje la uongo?

Daftari lile lilitubadilisha hata sisi tuliokuwa tukichagua. Ili nitoe sababu Ijumaa, lazima mtu awe ameiandika Jumanne. Nikaanza kuwasumbua wasaili. Waliposema “hakunikaa moyoni,” niliuliza niandike nini. Waliposema “hana mwonekano,” niliuliza nitamwambiaje. Mara nyingi walirudi kwenye alama zao, wakazitazama upya. Mara mbili jina lilihama kutoka fungu la walioachwa kwenda la waliochukuliwa.

Siku moja mteja wetu mkubwa alitaka mhasibu. Kwa maandishi aliomba sifa za kawaida. Kwa simu akaongeza kwamba tusimpelekee mwanamke mwenye mtoto mdogo, maana wanaomba ruhusa kila siku. Katika watatu wetu bora, aliyeongoza alikuwa na mtoto wa miezi minane. Nilimwendea mama na daftari langu, nikamwambia Ijumaa nitatakiwa nimpigie dada huyu, na sijui nitamwambia nini.

Mama hakunijibu mimi. Alinyanyua simu, akampigia mteja, akamwambia kwa heshima zote: “Baba, lile sharti la mtoto tuandikie kwenye barua, uweke sahihi, ili faili langu likamilike.” Upande wa pili kukawa kimya. Barua haikuja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia. Inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa, na inamgusa wakala sawa na mwajiri. Mteja alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Tulipeleka majina matatu kwa mpangilio wa alama, na dada yule akaajiriwa.

Hapo nilijipatia kipimo ninachokitumia mpaka leo. Sababu ya kumwacha mtu ambayo siwezi kumtamkia yeye mwenyewe, akiwa ananitazama, haifai kuwa sababu.

Leo nasimamia ajira katika kampuni ya ukubwa wa kati. Bahasha za kaki zimepungua. Maombi yanakuja kwa barua pepe na kwenye mifumo ya mtandaoni, na idadi imepanda. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliita watu zaidi ya 100,000 kwenye usaili wa nafasi 1,596. Wenzangu wa fani hii huniambia kwamba kwa umati huo kumjibu kila mtu haiwezekani. Nakubali kwamba kumpigia kila mtu simu haiwezekani. Lakini kompyuta ileile inayopokea maombi 5,000 kwa usiku mmoja inaweza kutuma majibu 5,000 asubuhi yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba kazi haijaisha mpaka wa mwisho ajulishwe. Katika matangazo ninayoyaandika mimi, ule mstari wa waliochaguliwa tu nimeufuta. Badala yake naweka tarehe ambayo kila aliyeomba atakuwa amejibiwa, na tarehe hiyo naiheshimu kama siku ya mshahara.

Ile fildi iliisha Julai 2015. Familia ilichanga, ada ikapatikana, nikarudi chuoni na kumaliza. Daftari nilimwachia mwanafunzi aliyenifuata, likiwa na majina 700 na kitu. Wapo ambao safu yao ya nne haikujazwa, kwa sababu namba zilikufa au nilizidiwa, na hao ni deni langu.

Lakini kuna jina moja ambalo nililijaza mara mbili. Juni, wiki chache kabla sijaondoka, kiwanda kingine kilituomba fundi umeme. Nilimtafuta baba yule wa Korogwe. Alipokea simu akiwa shambani. Nilisikia upepo na watoto. Tangu Desemba alikuwa amerudi kwao, masika yalipoingia akapanda ekari zote mbili.

“Mahindi yangu yatakauka mwezi wa nane,” alisema. “Kabla ya hapo siwezi kuondoka. Waulize kama watangoja.”

Niliwauliza asubuhi ileile. Walitaka mtu aanze Julai mosi. Saa sita mchana nilimpigia tena, nikamwamkia, nikamwambia: baba, hawawezi kungoja, wamechukua mwingine.

“Leo hiihii umeniambia?” akauliza.

“Leo hiihii, baba.”

“Haya, mwanangu. Basi acha nikapalilie.”